Dawa Iliyoganda

Msusi alimtambua kwa mgongo kabla hajamwona uso.

Mlango wa chumba cha sindano ulikuwa wazi, na ndani yake mwanamume mmoja alikuwa amepiga magoti mbele ya friji ya dawa, kawapa wagonjwa kisogo. Shati lake la kazi lilikuwa limechomoka kiunoni upande wa kushoto. Miaka sita iliyopita lilikuwa likichomoka upande huohuo, na msusi alikuwa akimchomekea kwa mkono wake huku akimsema kwamba mtu mzima havai kama aliyekurupushwa usingizini.

Akageuza macho upesi, akaitazama kalenda ya ukutani iliyoganda kwenye mwezi uliopita kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuuchana.

"Umemwona," mama yake alisema kwa sauti ya chini. Hakuwa akiuliza.

"Nimemwona nani?"

"Usinifanye mtoto. Inuka tukakae kule mwisho wa korido."

"Sista akiita hatutasikia, mama."

"Basi jitande mtandio vizuri. Akimaliza kazi yake atapita zake."

Msusi alijitanda. Hata nguvu za kubishana hakuwa nazo. Tangu asubuhi walikuwa wamekaa kwenye benchi lile la mbao, wao na dereva mmoja wa lori mwenye magamba mekundu kwenye viwiko, na walichoambiwa ni kwamba friji imeleta matatizo na fundi ameitwa. Muuguzi wa kliniki, ambaye wagonjwa wote walimwita sista, alikuwa amewapita mara tano bila kuwatazama usoni. Msusi alikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Alijua muuguzi asiyekutazama usoni amebeba nini.

Ugonjwa wake ulikuwa na jina refu la kidaktari ambalo mama yake hakuwahi kulitamka. Nyumbani waliuita "ule mzigo". Ulianza akiwa na miaka ishirini na miwili, jipu moja kwapani, likapasuka, likapona, likarudi na wenzake. Kisha kinenani. Kisha chini ya matiti. Majipu yalichimba njia chini ya ngozi yakaungana, yakatoa usaha wenye harufu iliyoshinda kila sabuni. Alimeza vidonge mwaka baada ya mwaka, akapasuliwa mara mbili, na majirani wakamshauri anyoe, wengine asinyoe, wengine aoge maji ya chumvi. Daktari wa ngozi ndiye wa kwanza kumwambia kwamba si uchafu na wala hauambukizi. Ni kinga ya mwili wake mwenyewe iliyochanganyikiwa, ikawa inampiga mwenye nyumba badala ya mwizi. Na daktari huyohuyo, baada ya kumpima damu na kifua, ndiye aliyemwanzishia sindano.

Dawa ile haikuwa kama nyingine alizozijua. Ilitengenezwa kwa chembe hai, daktari alisema, kwa hiyo ilitaka kulelewa: isipate joto, isigande. Kwa kuwa umeme wa mtaani kwao ulikatika ovyo, maboksi yake yalitunzwa hapo kliniki, naye alikuja kila baada ya wiki mbili kuchomwa pajani. Mwezi wa tatu, majipu yalipoacha kutoka, hakumwambia mtu. Aliogopa kuyaamsha. Mwezi wa tano alirudi saluni. Kazi ya kusuka ni mikono kuning'inia hewani kutwa nzima, na kwa miaka minne alikuwa hawezi kuinua mkono hata kuanika nguo. Sasa alikuwa na wateja wanaogombea zamu yake ya Jumamosi.

Chumbani, fundi alisimama. Alikuwa ameshika boksi jeupe, akisoma jina lililoandikwa ubavuni kwa kalamu nyekundu. Alilisoma mara moja, kisha akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akalisoma tena.

"Sista," alisema, "mwenye dawa hii yuko hapa?"

"Wenyewe wote wako hapo nje. Kwani vipi?"

Fundi alilishusha boksi. Aligeuka akatazama benchi. Macho yake yalimpita dereva, yakamgusa mama, yakasita, kisha yakamfikia msusi na kutulia pale. Alikuwa amekonda mashavuni. Mvi mbili tatu zilikuwa zimemwota juu ya sikio. Msusi alijiambia atazame pembeni, na hakutazama pembeni.

"Nyuzi," fundi alisema.

Miaka sita hakuna aliyemwita hivyo. Yeye ndiye aliyelibuni jina hilo, kwa sababu haikupita siku msusi asikutwe na nyuzi za nywele za bandia zimemng'ang'ania nguoni. Alikuwa akisema kazi yake yote ni nyuzi: mchana anapima nyuzi za baridi, jioni anakuja kumwona huyu.

"Baridi," msusi akajibu, maana naye alikuwa na lake, alilompa kwa sababu ya viganja vyake vya mtu anayeshinda ndani ya mafriji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama alisema, na akaanza kutafuta kitu ndani ya pochi ambacho hakikuwamo.

Sista alipokwenda ofisini kumpigia daktari simu, msusi aliinuka. Mama alimshika upindo wa nguo. Msusi akauchomoa taratibu, akaingia chumba cha sindano.

"Unaumwa tangu lini?" fundi aliuliza kabla hata hajasimama vizuri.

"Miaka kumi sasa."

Alimwona akihesabu. Midomo yake ilisogea kidogo, kama zamani alipokuwa akipiga mahesabu ya vipuri.

"Basi ulikuwa unaumwa wakati ule. Tukiwa pamoja."

"Ndiyo."

"Na yule mwanamume mwenye kazi nzuri, aliyekuja kukuoa?"

Msusi alitazama friji. Ilikuwa inanguruma kwa utulivu, imepona. "Niambie kwanza dawa yangu," alisema.

Fundi alishusha pumzi. Alipoanza kueleza, sauti yake ilikuwa ya kazi, na msusi alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo. Kilichokwama ni kidhibiti joto. Mashine imezunguka tangu Ijumaa jioni bila kupumzika, ikapitiliza. Leo asubuhi mfagizi ameona barafu imeota mlangoni, akadhani anatenda wema, akachomoa waya. Alimwonyesha kifaa kidogo kama kiberiti kilichokuwa rafu ya katikati, chenye kioo na tarakimu.

"Hiki kinaandika kila kitu. Soma mwenyewe. Nyuzi nne chini ya sifuri, saa kumi na moja mfululizo."

Msusi alichukua boksi lake, akatoa bomba la sindano, akaliinua dirishani. Dawa ilikuwa angavu kama maji ya kunywa. "Mbona iko vilevile?"

"Ikishaganda ikayeyuka, kwa macho huijui. Lakini imekufa. Wameandika hapo ubavuni: ikiganda isitumike."

"Sista anajua kusoma hicho kifaa?"

"Ananisubiri mimi nimwambie."

Walitazamana. Msusi aliyasema maneno polepole, kama mtu anayepita juu ya ubao mwembamba. "Mwambie iligusa sifuri ikarudi. Basi. Hutakuwa umemwibia mtu."

Fundi alikigeuza kile kifaa kiganjani.

"Maboksi sita, Baridi. Miezi mitatu yangu yote iko humo. Mengine hayaji mpaka baada ya wiki sita, na hapo wajitahidi. Unajua wiki sita ni nini kwangu?"

"Sijui. Hukuwahi kuniambia."

"Labda nusu yake imebaki hai."

"Na kama imegeuka kitu kingine? Ikuingie mwilini, mimi nikiwa ndiye niliyesema ni salama?"

"Mwili ni wangu."

"Na yule dereva hapo nje? Wa kwake ni wa nani?"

Msusi alitazama mlangoni, kuelekea benchi. Fundi akalichukua bomba mkononi mwake, bila kulipokonya, akalirudisha ndani ya boksi.

"Yule mwanamume hakuwepo. Mimi nimeshadanganywa kwa kuhurumiwa," alisema. "Ndiyo kwanza nimelijua leo, dakika hii, lakini nimeishi nalo miaka sita. Siwezi kukufanyia, Nyuzi. Nikasirikie tu."

Sista alirudi. Fundi alimweleza yote, hakupunguza wala hakuongeza, akamwonyesha tarakimu. Sista alikaa juu ya kigoda, akavua kofia yake na kuikunja mapajani. "Nilikuwa najua," alisema. "Nilitaka tu mtu mwingine alitamke." Aliwaita wagonjwa, akawaambia. Dereva alicheka kicheko kikavu. "Haya," alisema, akiteremsha mikono ya shati juu ya viwiko vyake, "turudi kujikuna." Akaondoka bila kuaga.

Nyuma ya kliniki palikuwa na uwanja mdogo ambapo mashuka ya wagonjwa yalianikwa. Msusi alijikuta huko bila kujua amepitia mlango gani. Hakulia. Alisimama kati ya safu mbili za mashuka, akapeleka kidole kwapani juu ya nguo, akagusa. Pale palikuwa laini, makovu tu. Palikuwa pazima. Alipagusa kama mtu anayemuaga mgeni aliyempenda.

Alisikia vyuma vikigongana ndani ya sanduku la vifaa, akajua ni nani.

"Sitakuzuia," fundi alisema kutoka upande wa pili wa shuka. "Ila niambie kabla hujaenda. Shangazi yako alikuja karakana, akasimama mbele ya wenzangu, akasema umepata mtu. Nilimwamini. Nani angetunga jambo kama lile?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ulishajitambulisha nyumbani. Wajomba walikuwa wanatafuta tarehe. Na mimi nilikuwa nabadilisha vitambaa kwapani mara nne kwa siku. Tukitoka matembezini nilikuwa natazama kwanza upepo unatoka wapi, ndipo nijue nikae upande gani wako. Hukuona jinsi nilivyokuwa nikihamahama?" Sauti yake ilikuwa imetulia, imechoka, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. "Ungenioa tungelala chumba kimoja. Ningejificha wapi? Nilikuwa nanuka, Baridi. Hilo ndilo lenyewe. Nilikuwa nanuka."

"Nilijua."

Msusi alilisogeza shuka kando. Fundi alikuwa amesimama na sanduku lake mkononi, hakuliweka chini.

"Ulijua nini?"

"Kwamba una kidonda mahali. Ugonjwa wenyewe sikuujua. Ulidhani sina pua? Mimi natafuta gesi inayovuja kwa kunusa. Nilijua tangu mwaka wa kwanza."

"Na ukaendelea kuja?"

"Si nilikuwa nakuja?"

"Mbona hukuuliza?"

"Niliogopa kukuaibisha. Kila Jumapili nilijiambia, leo ataniambia mwenyewe. Nikasubiri, nikasubiri, mpaka aliyekuja kusema akawa shangazi yako." Alitazama chini. "Hapo na mimi nina kosa. Nilijifanya muungwana, kumbe nilikuwa mwoga."

Msusi alikaa kwenye ngazi ya saruji. Laiti angesikia furaha, au hasira, au chochote chenye moto. Alichosikia ni uchovu ulioanzia miguuni na kumpanda wote. Miaka miwili alikuwa amejificha kwa mtu aliyekuwa anamwona. Zile kanga za ziada, yale manukato ya bei rahisi yaliyomwasha, zile safari za kukimbilia choo cha watu. Kazi yote ile, kumbe ilikuwa ya bure.

"Umeoa?" aliuliza.

"Hapana. Usijisifu, sikuwa nakungoja wewe. Alikuwepo mmoja, tukaelewana karibu mwaka. Akaniambia ninakaa naye kama mtu aliye stendi. Akaenda zake, na sikumlaumu."

Msusi alicheka kidogo, akashangaa kwamba amecheka.

Mama alitokea mlangoni. Alikuwa amewasikiliza kwa muda gani, hakuna aliyejua. Pochi ilikuwa imebanwa chini ya mkono.

"Usimlaumu huyu," alimwambia fundi. "Yeye alitaka kukwambia. Alilia wiki nzima anataka kukwambia. Mimi nikamkataza. Nikasema mwanamume akishasikia ataondoka, na akiondoka atatangaza mtaa mzima, na hapo hata wa pili hatakuja. Shangazi mtu nilimtuma mimi."

"Uliniona mimi ni mtu wa hivyo, mama?"

"Nilikuona mwanamume kama wengine. Na mimi ndiye niliyekuwa nafua vile vitambaa, mwanangu. Kila siku, kwa mikono hii. Nilijua ilivyo. Nikasema kama mimi mzazi nashikilia pumzi, wa nje ataweza vipi."

Msusi aliinua kichwa. Hilo mama hakuwahi kulisema. Mama naye alionekana kama aliyelisikia kwa mara ya kwanza, akafunika mdomo kwa upindo wa mtandio.

"Haya, mama," fundi alisema.

"Usiniambie haya. Sema ulicho nacho."

"Leo sina kitu. Nimechoka. Sote tumechoka. Nitakasirika kesho."

Mama alitikisa kichwa, akarudi ndani kungojea tarehe mpya kutoka kwa sista. Fundi hatimaye aliliweka sanduku chini. Akakaa ngazi moja chini ya msusi.

"Hayo majipu yatarudi baada ya siku ngapi?"

"Daktari alisema mtu akikatisha hajui. Mimi nadhani wiki ya tatu. Mwaka jana nilichelewa sindano moja nikayasikia yanatekenya."

"Kesho nimalizapo kazi naweza kupita nyumbani?"

Msusi alifikiri. Aliona jinsi kesho itakavyokuwa. Angesuka nywele zake vizuri, angevaa lile gauni lisilo na mikono alilolishona baada ya kupona na ambalo alikuwa amelivaa mara mbili tu. Wangekaa sebuleni. Angependeza. Moyo ulimvuta huko, ukamvuta kweli.

"Kesho usije," alisema. "Kesho nitakuwa mzima. Nitajipamba, nitakuchekea, itakuwa kukudanganya tena. Njoo wiki ya tatu. Jumatano, sihudumii wateja. Njoo asubuhi, wakati vidonda vimefunguliwa. Ukiweza kukaa, tutaongea. Ukishindwa, utaniaga mwenyewe kwa mdomo wako, na mimi nitakuelewa."

Fundi alimtazama kwa muda mrefu, na safari hii msusi hakutafuta upepo unatoka wapi.

"Jumatano," alisema.

Majipu yalirudi siku ya kumi na moja, mapema kuliko alivyodhani. Kwapa la kulia kwanza, mawili, kisha la kushoto. Jumatatu alishindwa kumaliza kichwa cha mteja, akamwachia mwenzake. Usiku wa kuamkia Jumatano moja lilipasuka, na mama akashughulika naye hadi kulipokucha bila wote wawili kutamka neno. Asubuhi msusi alikuwa amekaa kwenye kochi la sebuleni, mkono wa kulia umeegemezwa juu ya mito miwili, kitambaa kimelowa, nywele hazijaguswa. Alisikia hodi, akamwangalia mama yake. Mama alisita na beseni mikononi.

"Nimwambie umelala?"

"Mfungulie, mama."

Fundi aliingia. Harufu ilikuwa imejaa chumba, hakuna dirisha lingeitoa. Msusi alimtazama puani, akajichukia kwa kumtazama hapo. Alimwona akiivuta, aliona ikimfika, aliona macho yake yakilegea kidogo kwa maumivu yasiyokuwa yake. Hakujifanya hakuna kitu.

"Inauma sana?" aliuliza.

"Sana."

"Nikae wapi?"

"Kuna kiti kule karibu na mlango."

Alikitazama kile kiti, kisha akaja akakaa kwenye kochi, upande wa kushoto, ambako hakukuwa na mito. Hakumgusa. Aliuliza mteja wa Jumatatu alisukwa na nani, na je, yule mwenzake hakuharibu. Msusi alianza kumweleza. Alieleza jinsi mteja alivyolalamika kwamba mistari imepinda, na jinsi mwenzake alivyojitetea kwamba kilichopinda ni kichwa, na katikati ya maneno ulimi ukawa mzito. Alijitahidi. Tangu awe na ugonjwa ule hakuwahi kufumba macho mbele ya mtu asiye mama yake; mtu aliyelala hawezi kulinda kitambaa chake. Kichwa kilimwinamia taratibu, kikagota begani kwa fundi, kikabaki hapo.

Mama aliporudi na maji safi aliwakuta hivyo. Alisimama kizingitini.

"Hajalala usiku kucha," alinong'ona.

"Wala wewe, mama. Weka hayo maji ukae."

Mama alikitazama kile kiti cha karibu na mlango kana kwamba hakuwahi kukiona, akaketi, na beseni akaliweka miguuni. Baada ya muda alimwangalia kijana yule, bega lake limekakamaa kwa kuogopa kulisogeza, shati limechomoka upande mmoja.

"Utarudi lini tena?" aliuliza.

"Sijaondoka bado, mama," fundi alisema.